Usinunue bando jingine kwanza

Mdogo wangu wa Tunduma, barua yako nimeisoma yote, pamoja na yale maneno makali uliyoyaandika kuhusu minara ya simu ya Nakonde, upande wa Zambia. Kwa faida ya wasomaji wengine wa kona hii niieleze kwa kifupi. Kijana huyu alisoma Mbeya, sasa yuko kwenye ofisi ya klaringi inayoshughulikia malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Ameandika programu ndogo ya Python inayovuta fomu na majedwali ya ofisi kutoka kwenye repo ya GitHub, ili kompyuta zote ziwe na toleo moja. Zamani kila karani alitembea na flashi yake, na hakuna aliyejua ya nani ndiyo mpya. Wazo zuri, hongera.

Sasa kasheshe yenyewe. Akiandika git clone kwenye teminali, repo inashuka bila shida. Programu yake ikiomba repo hiyohiyo, kwenye mashine hiyohiyo, inagoma na kutema maneno matatu: "unsupported URL protocol". Kabadilisha laini, kanunua bando la pili, kahamia meza ya dirishani. Bosi anasema mtandao wa mpakani ndivyo ulivyo. Na rafiki yake kampa dawa: zima ukaguzi wa cheti, utaona inapita.

Kwenye hiyo dawa tutafika, na nitakuwa mkali kidogo. Kwanza tuliondoe bando kwenye lawama. Ujumbe huo haukutoka mtandaoni. Programu ilikataa kabla haijabisha hodi kwa yeyote. Washa hali ya ndege kwenye simu yako, jaribu tena, utaona maneno yaleyale. Kosa la mtandao husema jambo jingine: jina la seva halikupatikana, au muda umekwisha ukisubiri. Ukizoea kusoma ujumbe neno kwa neno kabla ya kukimbilia dukani, utaokoa hela nyingi.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba ile Git ya kwenye teminali na ile iliyo ndani ya programu yako ni mtu mmoja. Siyo. Git ya teminali ndiyo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Ikitaka kwenda kwenye anwani ya https inamtuma libcurl, na ikitaka ssh inaita programu ya ssh iliyomo kwenye mashine yako. Wewe kwenye Python unatumia pygit2, na chini ya pygit2 kuna laibrari iitwayo libgit2, iliyoandikwa upya kwa lugha ya C ili programu nyingine ziweze kuibeba tumboni. Shawn Pearce aliianzisha mwaka 2008. Mwaka 2010 mwanafunzi Vicent Martí akaisukuma mbele kupitia mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi waandike programu huria wakati wa likizo. Haimwiti libcurl kwa ajili ya https, wala haijali kwamba Git ya teminali imepita salama. Ina njia zake.

Na hizo njia si lazima ziwemo zote. Usalama wa muunganisho, yaani TLS, libgit2 haijitengenezei yenyewe, huazima. Kwenye Linux huazima kwa OpenSSL au mbedTLS, kwenye Mac kwa mfumo wa Apple, kwenye Windows kwa WinHTTP ya Microsoft. SSH kwa kawaida huazima kwa libssh2. Nani ataazimwa huamuliwa siku laibrari inapokompailiwa. Kama siku hiyo faili za OpenSSL hazikuwepo, baadhi ya matoleo ya zamani yalinyamaza tu na kuendelea, yakakupa laibrari nzima yenye kila kitu isipokuwa https. Unakuja kuligundua wiki mbili baadaye, bosi amesimama nyuma ya kiti chako. Matoleo mapya yanasema waziwazi zaidi: "there is no TLS stream available". Maneno tofauti, ugonjwa ule ule.

Kwa hiyo usikisie, iulize laibrari yenyewe. Fungua Python na uandike:

import pygit2
from pygit2.enums import Feature
print(pygit2.LIBGIT2_VERSION)
print(bool(pygit2.features & Feature.HTTPS))
print(bool(pygit2.features & Feature.SSH))

Ukiona False kwenye mstari wa https, kesi imekwisha: huna TLS, na hakuna bando duniani litakalokupa. Wanaotumia C waite git_libgit2_features(), wa Rust waite git2::Version::get() kisha waulize .https() na .ssh(). Swali ni lile lile.

Lakini sikiliza, mdogo wangu, hapa ndipo watu hupigwa chenga. Iulize kwa Python ileile inayoendesha programu yako. Mashine nyingi zina Python mbili au tatu: ya mfumo, ya mazingira ya mradi, na moja iliyosahauliwa tangu chuoni. Unauliza moja, inajibu True, unafurahi, kumbe programu inaendeshwa na nyingine. Mistari hiyo mitano iweke juu kabisa ndani ya programu yenyewe, ndipo uendeshe. Jibu litakalotoka hapo ndilo la kuamini.

Tuseme imekuja False. Umeipataje laibrari hiyo? pygit2 inayoshushwa na pip ikiwa imeshakompailiwa huja na libgit2 yake, https ikiwemo. Shida huanza pip inapokosa kifurushi kinachofanana na mashine yako, kwa mfano Python ya zamani, au pip yenyewe imechakaa. Hapo huamua kukompaili papo hapo na vilivyopo. Anza na kuisasisha pip, kisha uizuie isikompaili:

pip install --upgrade pip
pip install --only-binary :all: pygit2

Ikikosa kifurushi itakwambia wazi, badala ya kukutengenezea kitu nusunusu. Na kwa kuwa bando unalilipia mwenyewe, tumia pip download, pata faili mara moja, weka kwenye flashi na uzisakinishe kompyuta zote za ofisi kutoka hapo. Ila kompyuta ziwe za aina moja na Python ya toleo moja, la sivyo faili la huku halitakubalika kule.

Ukilazimika kukompaili, kwenye Ubuntu au Debian weka kwanza libssl-dev na libssh2-1-dev. Kisha futa lile folda la ujenzi lote. Nasema lifute, usiliendeshe tena juu kwa juu: CMake, chombo kinachoandaa ujenzi huo, huandika kwenye faili la CMakeCache.txt kile ilichokikuta mara ya kwanza, na kama mara ya kwanza ilikuta hakuna OpenSSL, inaweza kuendelea kushikilia msimamo huo hata baada ya wewe kuiweka. Baada ya hapo iamuru kwa jina, -DUSE_HTTPS=OpenSSL na -DUSE_SSH=ON, na ikimaliza soma ile orodha ya vilivyowashwa inayochapwa mwishoni. Usiipite haraka, ndiyo risiti yako.

Ukishapata True mbili, mara nyingi kosa jipya linachukua nafasi ya lile la zamani. Usikate tamaa, hayo ni maendeleo: sasa programu imeshafika mlangoni kwa mtu. Ujumbe wa kawaida hapa ni "the SSL certificate is invalid". Jiulize jambo moja kabla ya yote: Git ya teminali nayo inagoma, au ni laibrari peke yake?

Zikigoma zote mbili, tazama saa ya kompyuta. Sitanii. Ofisi nyingi za mpakani zina zile kompyuta za mezani zilizonunuliwa mitumba, na betri ndogo ya ubaoni, ile ya duara kama sarafu iliyoandikwa CR2032, imekufa siku nyingi. Umeme ukikatika usiku, asubuhi kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka ule ubao wake ulipotengenezwa. Kila cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine hiyo vyeti vyote vya leo bado havijaanza kutumika. Andika date kwenye Linux, au tazama pembeni ya skrini kwenye Windows. Fundi saa yeyote anayo hiyo betri.

Na hapa wenyeji wa Tunduma mna jambo lenu ambalo mtu wa Dodoma halijui. Simu ikidaka mnara wa upande wa pili, saa inarudi nyuma saa nzima, kwa sababu Zambia iko saa moja nyuma yetu. Uliniuliza kama hiyo ndiyo inayoharibu cheti. Yenyewe haiharibu. Vyeti hupimwa kwa saa ya dunia, UTC, na simu au laptopu inayobadilisha ukanda wake wa saa inabaki kujua UTC sahihi. Anayeharibu ni karani anayeona saa "imekosea" akaisogeza kwa mkono huku ukanda ukiwa bado wa Zambia. Hapo mashine inakuwa imekosea kweli kwa saa nzima. Kwa cheti, saa moja mara nyingi hupita bila kuonekana. Kwa zile tarakimu sita za uthibitisho wa pili, zinazobadilika kila sekunde 30, hutaingia hata ukijaribu mpaka jioni. Kwenye simu na kompyuta, chagua ukanda wa Dar es Salaam au Nairobi wewe mwenyewe, kisha dakika na sekunde ziache zijiweke kutoka mtandaoni.

Ikiwa teminali inapita na laibrari peke yake ndiyo inalia cheti, basi saa haina kosa. Laibrari haijui vilipo vyeti vya wakubwa wanaoaminika, maana iliyokompailiwa kwenye mashine moja huweza kuvitafuta kwenye folda ambalo kwako halipo. Hakikisha kifurushi cha ca-certificates kimewekwa, hasa ukitumia kontena dogo la Docker, kisha uionyeshe njia: kigezo cha mazingira SSL_CERT_FILE, au ndani ya pygit2 settings.set_ssl_cert_locations. Mistari miwili, basi.

Mashine kuukuu zina kisa chao. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mizizi kiitwacho DST Root CA X3, ambacho watoaji wa vyeti Let's Encrypt walikiegemea kwa miaka, kiliisha muda. Kompyuta zenye OpenSSL ya 1.0.2 zikaanza kukataa tovuti zilizo nzima kabisa, hata pale cheti kipya cha mizizi kilipokuwepo, kwa sababu zilishikilia kuifuata njia ile ya zamani. Na Windows 7, ambayo bado naiona kwenye meza za watu: WinHTTP yake haikuwashiwa TLS 1.2 tangu mwanzo, wakati GitHub walishafunga TLS 1.0 na 1.1 tarehe 22 Februari 2018. Git ya teminali kwenye Windows hiyohiyo inaweza kupita kwa kuwa huja na OpenSSL yake mfukoni, halafu laibrari inayotegemea WinHTTP ikakwama. Microsoft waliiacha Windows 7 Januari 2020. Mwambie bosi hela ya bando la tatu aiweke kwenye kuubadilisha mfumo huo.

Haya, twende kwenye dawa ya rafiki yako. Katika pygit2 kuna kitendaji cha certificate_check, na alichokushauri ni kirudishe True kila mara. Itapita, ni kweli. Ni sawa na ofisa pale kituo cha pamoja cha mpakani akisema mashine ya kukagua imeharibika, basi malori yote yapite. Foleni itaisha! Cheti ndicho kinachokuhakikishia kwamba huyo unayezungumza naye ni GitHub kweli. Ukikizima, mazungumzo yanaendelea kusimbwa vizuri, lakini unasimba na nani? Anaweza kuwa mwenye Wi-Fi ya gesti uliyolala, naye anapokea tokeni yako ya kuingilia GitHub kwa mkono mkunjufu. Tena tokeni hiyo inafungua majedwali ambayo ofisi nzima inayatumia kujazia nyaraka za wateja.

Kuna tukio la kweli la kukuonyesha. Tarehe 24 Machi 2023 GitHub walibadilisha ufunguo wao wa RSA wa seva ya SSH, kwa sababu ule wa siri ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi kwenye repo ya hadharani. Asubuhi hiyo watu duniani kote walipata onyo kwamba seva si ile waliyoizoea. Walikereka, wakasoma tangazo, wakaweka ufunguo mpya. Aliyekuwa amezima ukaguzi hakuona chochote, na angeunganishwa vilevile hata kama upande wa pili angekuwa mwizi.

Ukitaka kuchunguza bila kuzima ulinzi, tumia hii:

openssl s_client -connect github.com:443 -servername github.com

Itakuonyesha ni nani aliyetoa cheti. Ukikuta jina la antivirusi au la kifaa cha mtandao wa ofisi, basi kuna mtu katikati anayefungua na kufunga upya mazungumzo yenu. Akiwa ni ofisi yenyewe na wanakubali, waombe faili la cheti chao uliongeze kwenye vile vinavyoaminika. Wasipomjua ni nani, ondoka kwenye mtandao huo.

Kuhusu SSH sitakaa sana. Laibrari ikitumia libssh2 haisomi lile faili lako la ~/.ssh/config, kwa hiyo vifupisho ulivyojiwekea kule haivijui. Ipe ufunguo waziwazi kwa pygit2.Keypair, na jina la mtumiaji liwe git, si jina lako. Ukiwa na ufunguo wa RSA unaokubaliwa kwenye teminali na kukataliwa kwenye programu, jua kwamba tarehe 15 Machi 2022 GitHub waliacha kupokea sahihi za RSA za mtindo wa SHA-1 kwa funguo zilizosajiliwa kwao baada ya tarehe 2 Novemba 2021, na libssh2 ilijifunza mtindo mpya kwenye toleo la 1.11 la mwaka 2023. Tengeneza ufunguo wa ed25519, uachane na hayo. Mtandao ukifunga mlango wa 22, GitHub wanapokea SSH kupitia ssh.github.com mlango wa 443.

Na ukiona "too many redirects or authentication replays", usitafute uelekezaji wowote. Programu inarudia kupeleka nywila ileile inayokataliwa. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub hawapokei nywila ya akaunti kwa kazi za Git. Mahali pa nywila weka tokeni.

Hilo linanirudisha kwenye picha ya skrini uliyoambatanisha, mdogo wangu. Tokeni yako inasomeka yote, herufi kwa herufi. Ifute leo, kabla hujagusa jambo lingine lolote kati ya haya. Mpya uipe ruhusa ya kusoma repo ile moja tu, iwe na tarehe ya kuisha, na isikae ndani ya msimbo. Ukiniandikia tena, nitumie yale majibu ya mistari mitano na ujumbe wa kosa kama ulivyo, umeunakili kwa maandishi.

Nafasi imebaki kidogo kwa dada wa Vwawa aliyeuliza kama repo inaweza kusafiri bila intaneti kabisa, maana shule anakofundisha hakuna. Inaweza. Kwa Git ya teminali andika git bundle create, taja jina la faili na --all. Repo nzima na historia yake inageuka faili moja la kubeba kwenye flashi, na upande wa pili mtu analikloni kama kawaida. Kama wanafunzi wako wanatumia pygit2, kwenye flashi weka repo iliyotengenezwa kwa git init --bare, isukumie kazi yako kwa git push, kisha waielekeze programu zao humo kwa njia ya faili. Git ikilalamika kuhusu "dubious ownership", ni ulinzi ulioongezwa Aprili 2022 kwa folda ambazo mwenyewe si wewe au hajulikani, na flashi nyingi ziko hivyo. Liongeze folda hilo, kwa jina lake kamili, kwenye safe.directory. Ile nyota ya kuruhusu folda zote usiiweke.